HA-KU- NA HA-JA-: SARUFI YA KISWAHILI KATIKA KOZI YA TEKNOLOJIA YA FEDHA

Gatongora ni wadi mojawapo ya eneo bunge la Ruiru, Kaunti ya Kiambu. Ukanda huu wa barabara ya Thika una vyuo vikuu kadhaa, kikiwemo kile cha Kenyatta upande wa Kahawa na cha Jomo Kenyatta kule Juja. Mwanafunzi wa ukanda huu anayesomea teknolojia ya fedha hutakiwa, pamoja na hesabu na uhasibu, kuandika programu za tarakilishi. Wengi hudhani kwamba katika kozi hiyo Kiswahili hakina kazi. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba ipo sehemu ya programu ambapo ujuzi wa njeo za Kiswahili huokoa fedha za watu.

Tuanze na majina. M-Pesa ilianzishwa nchini Kenya mwezi Machi 2007, na mwaka 2017 kampuni ya Safaricom ikafungua kiungo cha kuwawezesha waandishi wa programu kuunganisha kazi zao na huduma hiyo. Kiungo hicho kiliitwa Daraja, jina lililochaguliwa vyema. Hata hivyo, anayelivuka daraja lenyewe hukuta amri na maelezo yote kwa Kiingereza. Hilo si tatizo kubwa, wala sioni haja ya kutafsiri amri za lugha za programu. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulishughulikia kile anachokisoma mtumiaji kwenye kioo, na hapo ndipo penye kazi yetu.

Tuchukue mfano wa duka la rejareja pale Gatongora. Mteja anataka kulipia unga. Programu ya duka hupeleka ombi kupitia Daraja, na Daraja hujibu papo hapo kwa msimbo 0, yaani ombi limekubaliwa kushughulikiwa. Kisha rununu ya mteja humtaka aingize nambari yake ya siri. Matokeo ya malipo huja baadaye, katika jibu la pili: 0 ikiwa fedha zimelipwa, 1 ikiwa salio halitoshi, 1032 ikiwa mteja ameghairi.

Mtego uko kwenye jibu la kwanza. Mwanafunzi anayeanza huona 0 na kuandika "Imepokelewa". Ni nini kilichopokelewa? Ikiwa ni ombi, tungesema "limepokelewa". Ikiwa ni malipo, "yamepokelewa". Upatanisho wa kisarufi unamlazimisha mwandishi ataje kiima chake. Muuza duka anayesoma "imepokelewa" hutoa unga kabla fedha hazijaingia.

Zito zaidi ni pale jibu la pili linapochelewa kwa sababu ya mtandao. Programu nyingi za wanafunzi huwa na hali mbili tu, kufaulu na kutofaulu, kwa hiyo ukimya huhesabiwa kuwa kutofaulu. Kioo huandika "Malipo hayakufaulu", mteja hulipa tena, na baada ya dakika chache hukuta amekatwa mara mbili. Kiswahili kina umbo la hali ya tatu. Kiambishi -ku- katika ukanushi hufunga jambo: hayakufaulu, basi yamekwisha. Kiambishi -ja- huliacha wazi: hayajathibitishwa, yaani tungali tunangoja. Mwanafunzi aliyesoma mofolojia ya kitenzi akiulizwa programu iwe na hali ngapi, atajibu tatu bila kusita, kwa kuwa lugha yake inazitofautisha kila siku.

Kauli ya kutendwa nayo huhitaji uangalifu. "Muamala umeghairiwa" humficha mtenda, na muuza duka hulaumu mtandao. "Mteja ameghairi" hueleza kilichotokea.

Pembeni ya hayo kuna suala la mikopo. Fuliza, iliyoanza mwaka 2019, humwezesha mteja kukamilisha muamala salio lisipotosha. Kitenzi fuliza kina maana ya kuendelea bila kukoma. Deni halimo katika maana hiyo. Jina ni haki ya kampuni, lakini mwanafunzi anayeunda programu ya mikopo anapaswa kuandika "unadaiwa", pamoja na kiasi na tarehe, kabla mteja hajabonyeza kitufe cha kukubali.

Wapo watakaosema Kiswahili ni kirefu mno kwa ujumbe wa rununu. Ujumbe mfupi mmoja una nafasi 160. "Hatujapata uthibitisho wa malipo yako. Usilipe tena kabla ya kuangalia salio." Hizo ni nafasi 77.