Projekti Imepata A, Sasa Nani Atailipia?

Wadogo zangu, msimu wa kuwasilisha projekti za mwaka wa mwisho umefika, na swali mnaloniuliza ni lilelile: "Dada, msimamizi ameipenda kazi yetu, anasema tuifanye kampuni. Tuanzie wapi?" Anzeni kwa kumtafuta mtu wa kuilipia, kabla ya nembo, ofisi na mwekezaji. Msimamizi anataka kuona kama mfumo unafanya kazi. Mteja anataka kujua unamwondolea adha gani, na kwa shilingi ngapi.

Tuchukue projekti inayopendwa sana vyuoni, mfumo wa kuendesha vikoba. Siku ya kuwasilisha unapendeza, una grafu za rangi na ripoti za kila namna. Sasa twende Mbagala Jumapili alasiri, tukae mkekani na akina mama wenyewe. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo wanazo watu watatu tofauti. Mwanachama akinunua hisa, katibu anagonga muhuri kwenye kijitabu chake, na mama hakifungi mpaka auone wino. Simu nyingi pale ni vitochi. Grafu hakuna anayeiuliza. Lakini ukitulia mpaka kikao kiishe utasikia yanayowakera: asiyehudhuria hajui salio lake, na siku ya kuvunja kikoba katibu anakesha akijumlisha hisa, mikopo na faini, halafu bado watu wanabishana. Biashara yenu iko hapo. Pelekeni SMS fupi kwa kila mwanachama baada ya kikao, na hesabu ya mgao isiyo na ubishi. Mengine yasubiri.

Kisha pigeni hesabu zenu. Kikoba cha watu 30 kinachokutana kila wiki kinahitaji SMS 120 kwa mwezi. Tuseme kila moja mnainunua kwa shilingi 25. Hiyo ni shilingi 3,000, bado seva, nauli na jasho lenu. Mkiwatoza shilingi 2,000 kwa mwezi, kila kikoba kipya kinawaongezea hasara. Kwa hiyo tajeni bei mapema, hata kwa kikundi cha mama mdogo. Anayewasifia tu huenda anawapenda nyinyi. Anayelipa, na mwezi unaofuata akalipa tena bila kubembelezwa, ndiye anayeuhitaji mfumo.

Mashindano ingieni. MAKISATU, yaani Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, yalianza 2019, na yanawakutanisha na watu ambao barua pepe zenu zisingewafikia. Ila tuzo msiihesabu kama mauzo. Brian Gitta wa Uganda na wenzake walibuni Matibabu, kifaa cha kupima malaria kwa mwanga bila kutoboa kidole, na mwaka 2018 akashinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Pamoja na heshima hiyo yote, kifaa cha tiba lazima kipite majaribio na vibali kabla hakijamgusa mgonjwa. Kama projekti yenu ni ya afya, jipangeni kwa safari ndefu na mtafute mapato ya kuwavusha.

Sasa suala linalovunja urafiki. Mlikuwa wanne: mmoja aliandika msimbo, mwingine ripoti, wa tatu amepata kazi benki, wa nne hapokei simu. Kampuni ni ya nani? Kaeni chini mkiwa bado mnacheka pamoja, mwandike kila mtu ana hisa ngapi, atafanya kazi gani, na akiondoka baada ya miezi sita anaondoka na nini. Mimi napendelea hisa zikomae kadiri mtu anavyoendelea kufanya kazi, ili aliyeondoka mapema asibaki na robo ya jasho la wenzake. Kuandikishiana si kutoaminiana. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hisa ni mali.

Someni pia sera ya chuo kuhusu miliki ubunifu. Larry Page na Sergey Brin walipoanzisha Google, hataza ya mbinu yao ya kupanga matokeo ya utafutaji ilikuwa mali ya Stanford, chuo walichosoma. Kampuni ikakilipa chuo kwa hisa ili iitumie, na mwaka 2005 zile hisa zilikuwa zimekiingizia dola milioni 336. Walielewana mapema, kila upande ukafaidi. Nanyi ombeni barua ya chuo inayoeleza haki zenu.

Usajili hauogopeshi. Kwa hapa Tanzania, BRELA wanasajili kwa mtandao. Jina la biashara ni jepesi kuanza nalo, lakini deni la biashara linakuwa deni lako. Kampuni inasimama yenyewe kisheria na inagawanyika kwa hisa, hivyo mkiwa wengi ndiyo inayowafaa. TIN ya TRA hutolewa bure. Msimpe kishoka hata mia. Na kwa kuwa mtashika majina, namba za simu na madeni ya watu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu: mjisajili kwenye Tume yake, na daftari la akina mama lisiuzwe kwa yeyote.

Wiki hii fanyeni mawili tu. Nendeni kwa vikundi vitatu, kaeni mpaka kikao kiishe, muwatajie bei. Kisha mrudi muandikishiane. Kama hakuna aliyekubali kulipa, waulizeni kinachowakera zaidi, mjenge hicho. A yenu hakuna atakayewanyang'anya, na ujuzi mnao. Nendeni mkautumie kwa watu wanaouhitaji.