Mdogo Wangu Anatamani Mpira Umvunje Kidole

*Shangazi, mdogo wangu ana miaka 23 na anacheza kriketi hapa Mombasa. Klabu inamtegemea, na juzi amewapa ushindi tena. Lakini akirudi nyumbani anajifungia chumbani, chakula anakigusa tu, usiku hapati usingizi. Wiki iliyopita, akijiandaa kwenda mazoezini, aliniambia anatamani mpira umvunje kidole ili apumzike. Baba anasema ni uvivu, mbona uwanjani anang'ara? Shujaa wake ni Glenn Maxwell wa Australia, na Baba humwuliza: "Maxwell angekuwa hivi, angefika wapi?" Nimhimize aendelee, au nimwambie aache?*
*— Dada Mkubwa, Mombasa*

Mwanangu, umefanya vyema kuyashika maneno yale ya kidole. Wengi wangeyacheka yakapita.

Baba yenu amemtaja mtu anayefaa kabisa, ila huenda hajaisikia sehemu hii ya maisha yake. Mwaka 2019, wakati wa Kombe la Dunia kule Uingereza, Maxwell alipigwa na mpira mkononi mazoezini. Siku hiyo hiyo mwenzake Shaun Marsh naye alipigwa, wakapelekwa hospitali pamoja. Mkono wa Marsh ulikuwa umevunjika, na mashindano yakamwishia hapo. Wa Maxwell ulikuwa mzima. Baadaye alieleza hadharani kwamba alikuwa akitumaini umevunjika. Mchezaji ambaye vijana wa dunia nzima walitamani kuwa yeye alikuwa akingoja picha ya eksirei impe ruhusa ambayo mdomo wake ulishindwa kuiomba.

Akaendelea kucheza. Tarehe 27 Oktoba 2019, mjini Adelaide, aliwapiga Sri Lanka mikimbio 62 kwa mipira 28. Siku nne baadaye ikatangazwa kwamba anakaa kando ili kutunza afya ya akili yake. Hilo ndilo jibu la "mbona anang'ara". Mikono iliyozoeshwa tangu utotoni inaweza kufanya kazi yake vizuri huku mwenyewe hana raha tena, na makofi ya watu yakazidi kumfungia mdomo. Wa kwanza kuliona jambo hilo kwa Maxwell alikuwa Vini Raman, mpenzi wake wakati huo na mkewe sasa. Ndiye aliyemshauri azungumze na mtu. Kocha wake, Justin Langer, alimuunga mkono.

Sasa mweleze Baba na hili. Novemba 2022 Maxwell aliteleza kwenye sherehe ya siku ya kuzaliwa ya rafiki yake huko Melbourne, akavunjika mguu. Alikaa nje miezi kadhaa. Nani alimwita mvivu? Mfupa ukivunjika, familia nzima hukubali kwamba mtu apumzike. Mdogo wako anatamani kidole kivunjike kwa sababu anajua nyumbani kwenu hicho ndicho cheti pekee kinachokubalika. Wewe na Baba mnaweza kumpa ruhusa hiyo bila yeye kuumia kwanza.

Kwa hiyo usimhimize, na usimwambie aache. Keti naye peke yenu, umrudishie maneno yake mwenyewe: "Ulisema unatamani kidole kivunjike. Nimelifikiria sana. Niambie zaidi." Kisha nyamaza. Usimtajie timu, usimtajie watu wanaomtegemea. Muulize waziwazi kama amewahi kufikiria kujidhuru au kufa. Swali hilo halimtii mtu wazo, humfungulia mlango. Akikubali kwamba amefikiria, usimwache peke yake, na mwende hospitali siku hiyo hiyo. Hata akikataa, kukosa usingizi na hamu ya chakula kunatosha kumpeleka kwa daktari au mshauri nasaha wiki hii. Nenda naye.

Kwa klabu, aombe mapumziko kwa muda mtakaokubaliana na mtaalamu. Maxwell aliporudi alianza na klabu yake ya Melbourne, mbali na kelele za timu ya taifa. Mdogo wako naye aanze kidogo, siku atakapokuwa tayari.

Najua Baba ataogopa kwamba mapumziko yatamfutia kijana kipaji. Mwambie kuhusu tarehe 7 Novemba 2023 mjini Mumbai. Australia walikuwa wanafukuzia 292 dhidi ya Afghanistan, wakaanguka wapigaji saba kwa mikimbio 91. Maxwell, misuli ikimkaza hata hawezi kukimbia, akapiga 201 bila kutolewa, na Australia wakashinda. Mwezi huo huo wakatwaa Kombe la Dunia. Miaka minne kabla ya hapo alikuwa ameomba kupumzika.

Lakini mwanangu, usimwahidi mdogo wako siku kama ile ya Mumbai, wala usiifanye deni atakalodaiwa baada ya kupona. Huenda akarudi uwanjani, huenda akachagua kazi nyingine. Uamuzi huo ataufanya vizuri zaidi akishalala na kula. Kwa sasa, angalia sahani yake, usingizi wake, na kama anaanza tena kukutafuta mpige gumzo. Hayo ndiyo matokeo ya kufuatilia, na umwombe Baba ayafuatilie pamoja nawe.

Shangazi