Chumvi na Nyama Yetu

Likizo iliyopita tulichinja mbuzi nyumbani Nyanungu. Mama alinyunyiza chumvi juu ya mapande manene akayatia katika beseni. Siku ya tatu yalinuka, tukayatupa. Wadogo zangu walilia, nami ninayesoma kemia niliona haya.

Chumvi ya jikoni ni kloridi ya sodiamu, yaani NaCl. Ikigusa nyama huyeyuka katika unyevu wake, ikawa maji makali ya chumvi. Maji hayo huvuta maji yaliyomo katika nyama, na hata katika miili ya bakteria, kwa njia ya osmosisi. Bakteria wengi wakikosa maji hawaongezeki. Lakini chumvi hupenya polepole. Katika pande nene, kuoza hutangulia kufika katikati. Hapo ndipo tulipokosea.

Wavuvi wa Ziwa Victoria humpasua sangara, humpaka chumvi nyingi, kisha humwanika. Huyo ndiye kayabo, asafirishwaye mpaka Kongo.

Basi, kateni nyama vipande vyembamba, pakeni chumvi pande zote, mwageni maji yatokayo, kisha anikeni penye jua na upepo, mbali na nzi. Kabla ya kupika, lowekeni ili chumvi ipungue, kwani Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 kwa siku.

Kabla sijarudi shule tulijaribu hivyo. Siku ya wazazi, mama aliniletea vipande viwili. Havikunuka.