Kabla Hujapewa Barua ya Mratibu: Njia ya Kuingia Kazi ya Kudhibiti Maambukizi Hospitalini

Nafasi ya mratibu wa kinga na udhibiti wa maambukizi, au IPC kama inavyoitwa wodini, mara nyingi haitangazwi popote. Katika hospitali nyingi za Tanzania mganga mfawidhi huwaangalia watumishi alionao, akamteua muuguzi, tabibu, afisa afya mazingira au mteknolojia wa maabara, akamwandikia barua, na kazi ikaanza juu ya zile alizokuwa nazo tayari. Anayeitaka kazi hii basi hana tangazo la kungojea. Aanze kuifanya kwa kipande, na kwa namba, mpaka siku barua inapoandikwa jina lake liwe la kwanza kutajwa.

Wapo wanaoipokea barua hiyo kama adhabu, na siwalaumu. Mara nyingi haiji na ofisi wala fungu la fedha, na mwenye kazi huonekana mtu wa kufukuzana na wenzake kuhusu ndoo. Lakini upepo umebadilika. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau mtaalamu 1 wa IPC, asiye na kazi nyingine, kwa kila vitanda 250. Ripoti ya shirika hilo ya 2022 inasema kati ya wagonjwa 100 wanaolazwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, 15 hupata angalau ambukizo moja hukohuko hospitalini. Nchi tajiri ni 7. Kisha ukaja mlipuko wa Marburg nchini Rwanda mwaka 2024: wagonjwa 66, vifo 15, na wengi wa waliougua walikuwa wahudumu wa afya wenyewe. Baada ya habari kama hiyo, hata mkurugenzi aliyekuwa akiona glavu ni gharama tu huanza kuuliza nani anasimamia IPC hapa kwetu.

Huhitaji kuwa daktari. Unahitaji taaluma ya afya yenye leseni, kwa sababu kazi hii hupandikizwa juu ya taaluma nyingine. Muuguzi ana faida ya kuijua wodi usiku na mchana. Mtu wa maabara anajua vimelea na usugu wao kwa dawa, afisa afya mazingira anajua maji, taka na kichomea taka. Kila mmoja ana pengo lake, na la kwanza kufanya ni kulijua pengo lako na kwenda kukaa na mwenzako anayeliziba. Muuguzi aombe siku chache maabara aone damu inavyooteshwa, na mtu wa maabara naye akasimame leba.

Kisha yajue mambo ya ndoo, maana huko ndiko utakakopimwa. Chukua klorini. Chupa ya Jik imeandikwa 3.5% nawe unataka mchanganyiko wa 0.5%: gawa 3.5 kwa 0.5 upate 7, toa 1, inabaki 6. Sehemu 1 ya Jik, sehemu 6 za maji. Chupa ikiandikwa asilimia nyingine, hesabu inabadilika, na hapo ndipo wengi hukwama kwa kuwa walikariri "moja kwa sita" bila kujua ilikotoka. Ukiletewa unga wa klorini wa 70%, ni gramu 7 hivi kwa lita moja ya maji. Mchanganyiko huchanganywa kila siku, kwa sababu klorini hupungua nguvu, na ndoo huandikwa tarehe na saa. Pita wodini kwenu uone ni ndoo ngapi zimeandikwa. Huo ni ukaguzi wako wa kwanza, na haukugharimu kitu.

Kuna na mazoea ya kizamani yanayohitaji mtu wa kuyagusa kwa adabu. Wengi tulifundishwa kuloweka vifaa vya upasuaji kwenye klorini dakika 10 kabla ya kuviosha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 kuhusu utakasaji wa vifaa haukubali hilo: klorini hula chuma, damu huizimisha nguvu, na mwoshaji hujiona salama huku si salama. Kifaa kioshwe kwa sabuni maalumu na brashi chini ya maji, mwoshaji akiwa na glavu nzito, aproni na kinga ya macho, ndipo kiende kwenye otoklevu. Ukikuta kituo chako bado kinaloweka, usianze vita mbele ya watu. Tafuta toleo jipya la mwongozo wa taifa, soma linasema nini, ulipeleke kwenye kikao. Na otoklevu yenyewe, usiridhike na ile tepe iliyogeuka mistari myeusi. Tepe inakuambia pakiti imepita kwenye joto, haikuambii vimelea wamekufa. Uliza daftari la joto, shinikizo na muda liko wapi.

Sasa namba. Hapa ndipo ninapoona watu wazuri wakikosa nafasi: wanajua kila kitu, hawana hata ukurasa mmoja wa kuonyesha. Chagua jambo moja dogo. Ningekuwa mimi, ningeanza na vidonda vya mama waliojifungua kwa upasuaji, kwa kuwa upasuaji huo unafanyika hata kwenye vituo vya afya, na daftari la chumba cha upasuaji lipo tayari.

Ugumu wake ni huu: ambukizo la kidonda hicho huhesabiwa hadi siku ya 30 baada ya upasuaji, lakini mama anaruhusiwa ndani ya siku chache. Usaha unamtokea nyumbani, ananunua dawa dukani, na daftari la wodi linaonyesha sifuri. Ile sifuri ndiyo inayopelekwa kwenye kikao na watu wakapiga makofi. Wewe fanya hivi. Pata kwanza ruhusa ya mfawidhi kwa maandishi. Mama anaporuhusiwa, andika namba yake ya simu na ya ndugu mmoja, maana simu ya nyumbani mara nyingi anakaa nayo mume. Mpigie baada ya wiki moja, ya pili, na siku ya 30. Muulize kwa lugha ya kawaida: kidonda kinatoa usaha? Kimefunguka? Una homa? Kuna dawa ulinunua? Muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto naye akuangalizie kidonda mama anapokuja siku ya 7 na ya 28. Tuseme mwezi huo mlifanya upasuaji 60 na mmepata maambukizi 6: gawa, zidisha kwa 100, ni 10 kwa kila upasuaji 100. Unayo namba.

Namba hiyo peke yake itakuletea maadui. Iambatanishe na maswali mawili ambayo majibu yake yapo kwenye faili. Antibaiotiki ya kinga ilichomwa saa ngapi? Inatakiwa iingie kabla ya kisu, ndani ya dakika 120, na mara nyingi utakuta imechomwa mtoto akishatoka au haikuandikwa kabisa. Na nywele, zilinyolewa kwa wembe? Wembe huacha michubuko ambamo vimelea hujificha. Ushauri ni kuziacha, au zikilazimika kuondolewa, zikatwe kwa mashine. Mambo hayo mawili yanarekebishika bila kununua jengo. Ukiyarekebisha kisha ukahesabu tena miezi mitatu baadaye, una kitu ambacho cheti peke yake hakikupi.

Usafi wa mikono nao una hesabu yake. Kuna nyakati tano: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya tendo safi kama kuweka kanula, baada ya kuguswa na majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Kaa kama dakika 20, hesabu nyakati ulizoziona na mara mikono iliposafishwa, gawa. Watu wakijua unawatazama watasafisha zaidi, kwa hiyo usishangilie mapema. Na kabla ya kumhesabia mwenzako, fungua bomba. Si haki kumwandika muuguzi wa zamu ya usiku kwa sababu ya bomba lisilotoa maji. Ikiwa hakuna kitakasa mikono, zungumza na mfamasia: kwa lita 10 anahitaji mililita 8,333 za ethanoli ya 96%, mililita 417 za haidrojeni peroksaidi ya 3%, na mililita 145 za gliserini ya 98%, kisha anajazia maji yaliyochemshwa na kupoa.

Kazi hii ina siasa, na hakuna kozi inayoifundisha. Daktari bingwa anayepita na msafara wa wanafunzi ukimwambia mbele yao "hujaosha mikono", umempoteza mwaka mzima. Tangulia kitandani na chupa, umwambie, "Dokta, kitakasa hiki hapa." Ataosha, na wanafunzi wataosha. Ukiwa na la kumlaumu, mfuate ofisini. Wahudumu wa usafi kaa nao kwa heshima zaidi ya wote. Wao ndio wanaobeba mfuko wa njano wenye taka ambukizi uliochanganywa na maganda ya ndizi, na wao ndio wanaochomwa na sindano zilizotupwa ovyo. Waalike kwenye mafunzo, wakae viti vya mbele. Watakuambia ni wodi ipi inajaza sefti boksi mpaka mdomoni badala ya kuifunga ikifika robo tatu. Daktari hatakuambia hilo.

Vyeti vina wakati wake. Shirika la Afya Duniani lina kozi za bure mtandaoni. Zimalize na uzihifadhi. Anayetaka kwenda mbali zaidi katika uchunguzi wa milipuko kuna mafunzo ya epidemiolojia kwa vitendo, Tanzania yako Muhimbili. Kwa wanaotazama Ghuba au Marekani, cheti kinachotajwa zaidi ni CIC, cha bodi ya Marekani ya CBIC: mtihani wa maswali 150, cheti kinachodumu miaka 5, na kinamtaka mtu ambaye tayari anafanya kazi ya IPC. Mzigo wa daftari lako la vidonda unaanza kulipa hapo.

Ukishakuwa na namba za miezi michache, andika ukurasa mmoja, usizidi: tulikuwa wapi, tulibadilisha nini, tupo wapi, tunahitaji nini na bei yake. Upeleke kwa mfawidhi wakati mpango na bajeti ya mwaka vinaandaliwa, si mwezi Julai mwaka mpya wa fedha ukishaanza. Mwishoni mwa ukurasa sema waziwazi kwamba uko tayari kuratibu, na uombe muda maalumu wa kazi hiyo kila wiki, uandikwe kwenye barua yenyewe. Barua isiyotaja muda itakuua kwa uchovu.

Na kabla hujaanza kuzungukia ndoo na sefti boksi, kachanje homa ya ini B. Ni dozi tatu, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu baada ya miezi sita, kisha mwezi mmoja au miwili baadaye upime damu kuhakikisha kinga imeshika. Ukichomwa na sindano, dawa za kuzuia VVU hutakiwa kuanza haraka, na zisipite saa 72. Ulizia leo zinatolewa chumba gani usiku, na nani anashika ufunguo.