Msongamano wa Watu na Afya ya Mito ya Nairobi

Mto Nairobi huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, katika kaunti jirani ya Kiambu. Hupita katikati ya jiji, hupokea maji ya mito Mathare na Ngong, kisha huingia Mto Athi ambao humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Ardhi yote ambayo maji yake ya mvua huishia mtoni ndiyo bonde la mto huo. Mkazi wa Umoja au Kilimani anaweza kumaliza mwaka mzima bila kuuona mto, lakini paa la nyumba yake na choo chake vimo ndani ya bonde hilo.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 jijini, zaidi ya 6,000 kwa kila kilomita ya mraba. Wastani huo unaficha mengi. Kaunti ndogo ya Mathare ilikuwa na takriban watu 69,000 kwa kilomita ya mraba, ilhali Lang'ata, iliyo na mbuga ya wanyama, haikufikisha 1,000.

Watu wanapoongezeka, udongo hufunikwa kwa mabati, lami na saruji. Mvua ya milimita 30 ikinyesha juu ya paa lenye upana na urefu wa mita 10, huteremsha lita 3,000 za maji. Kwenye shamba, sehemu kubwa ya maji hayo ingezama ardhini. Mjini hukimbilia mtaroni na kufika mtoni kwa dakika chache, pamoja na mafuta ya magari na takataka zote zilizo njiani. Ndiyo maana mto hufura ghafla. Wakazi wa Mathare wanalijua hilo vyema: mafuriko ya Aprili 2024 yaliua watu na kubomoa nyumba, na serikali ikawaamuru walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame.

Jambo linalosahaulika ni la kiangazi. Maji yanayozama ardhini wakati wa mvua ndiyo yanayoulisha mto polepole wakati wa jua. Yasipozama, mto hunywea, na kinachobaki kikitiririka huwa majitaka kwa wingi. Vijidudu vinavyoozesha uchafu huo hutumia hewa ya oksijeni iliyo majini, na samaki hukosa pumzi. Ardhi ile ile iliyofunikwa huleta mafuriko Aprili na uvundo Septemba.

Je, wingi wa watu ndio wenye makosa? Si moja kwa moja. Familia nane zikiishi katika fleti ya ghorofa nne hugawana paa moja. Zikijengewa nyumba nane za chini, kila moja na lango na barabara yake, hufunika ardhi kubwa zaidi. Ghorofa, basi, zaweza kuuokoa mto, mradi ardhi iliyosalia ibaki wazi na mabomba ya majitaka yatoshe. Hapo ndipo Nairobi inapokwama. Katika mitaa kama Kilimani, ploti iliyokuwa na nyumba moja sasa ina fleti nyingi, na bomba lililokusudiwa familia chache likizidiwa, uchafu hutokea barabarani na kuingia mtaroni. Katika mitaa ya mabanda mara nyingi hakuna bomba kabisa, na vyoo vingi humwagwa mtoni. Kuwalaumu wakazi wa mabanda pekee si haki: mto hufika Mathare ukiwa tayari umebeba uchafu wa walio juu yake.

Mwenye ploti ana mengi ya kufanya kabla mvua haijaanza. Asifunike ua wote kwa saruji. Aweke tangi chini ya mfereji wa paa. Zaidi ya yote, asiunganishe maji ya paa na bomba la majitaka, kosa ambalo wajenzi wengi huliona dogo. Lita 3,000 za paa moja zikizidishwa kwa mapaa ya mtaa mzima hujaza bomba kwa muda mfupi, na yatakayofurika ni ya chooni. Maji ya paa yana njia yake, na anayepanga ujenzi amuulize fundi yataelekezwa wapi kabla ya kumwaga msingi.