Mgongo wazi: je, dagaa wanatosha?

SWALI: Daktari, niliolewa mwaka jana hapa Katonga, Kigoma, bado sijapata mimba. Wifi yangu alijifungua mtoto mwenye mgongo wazi. Muuguzi alitaja upungufu wa foliki asidi, majirani wanasema ni mkosi. Nyumbani kwetu dagaa hawakosekani. Hawatoshi? – Msomaji, Katonga.

JIBU: Si mkosi, mwanangu, na wifi yako hana hatia.

Ubongo na uti wa mgongo huanza kama utando bapa unaojikunja ukawa mrija. Mrija huo hutakiwa uwe umejifunga kufikia siku ya 28 tangu mimba itungwe. Ukibaki wazi sehemu ya mgongoni, ndiyo mgongo wazi. Siku hizo huisha wakati mama bado anajiuliza kama amechelewa tu.

Seli za mrija huo huongezeka kwa kasi, na kazi hiyo inataka foleti, vitamini ambayo foliki asidi ni namna yake ya kidonge. Sasa, foleti haiingii tu yenyewe ndani ya seli. Fikiria mwalo wenu alfajiri: mitumbwi imefika, lakini mzigo haushuki mpaka wachukuzi waingie majini. Kwenye ukuta wa seli mchukuzi huyo ni protini iitwayo kipokezi cha foleti. Watafiti walipozalisha panya wasio nayo, mirija ya vijusi haikufunga. Mama zao walipopewa foleti nyingi, vijusi vingi viliokoka.

Dagaa ni chakula bora: wana protini, kalsiamu na vitamini B12. Foleti wanayo kidogo. Itafute kwenye maharage, mchicha na matembele, na maji ya kuchemshia mboga usiyamwage. Kanuni za Tanzania za mwaka 2011 zilivitaka viwanda viongeze virutubishi, foliki asidi ikiwemo, kwenye unga wa ngano na mahindi. Unga wa muhogo tunaousonga Kigoma haumo.

Kwa hiyo meza kidonge cha foliki asidi, mikrogramu 400 kila siku, ukianza walau mwezi mmoja kabla ya mimba hadi wiki ya 12. Mweleze mhudumu habari za mtoto wa wifi yako, maana ni damu ya mumeo. Kama unatumia valproeti kwa ajili ya kifafa, sema pia, maana nayo huongeza hatari hiyo, wala usiiache bila daktari.

Wifi yako akitaka mtoto mwingine, dozi yake ni mara kumi, miligramu 4, kwa maelekezo ya daktari. Utafiti uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha kuwa dozi hiyo hupunguza hatari ya kujirudia kwa asilimia 72. Mtoto aliyepo, kama hajaonwa na daktari wa upasuaji, apelekwe Hospitali ya Maweni aombewe rufaa, na kichwa chake kipimwe kama kinakua kupita kiasi.

Nawe usingoje kadi ya kliniki ya wajawazito. Nenda zahanati wiki hii.