Je, Unamwona Mwenzi Wako?

Jioni moja mama wa jumuiya yetu hapa Mukuru kwa Njenga alinijia baada ya sala. Alikuwa ameshapitisha hukumu. "Mwalimu, baba watoto ana mwanamke mwingine. Anatoka saa kumi na moja alfajiri, anarudi usiku, na pesa hazionekani."

Nilimwuliza jambo moja tu: "Viatu vyake vikoje siku hizi?"

Alidhani namfanyia mzaha. Wanaishi katika chumba kimoja cha futi 10 kwa 10, viatu huvuliwa mlangoni, na yeye ndiye anayefagia pale. Lakini hakujua. Usiku ule aliviinua. Soli ya kulia ilikuwa imetoboka, na ndani kulikuwa na kipande cha katoni. Alipomwuliza mumewe kwa upole, mambo yalitoka. Kila alfajiri alitembea hadi Eneo la Viwanda kusimama langoni akingoja kuitwa kibarua. Siku asipochaguliwa aliona haya kurudi saa tatu asubuhi mbele ya majirani, basi alizunguka hadi giza liingie.

Naye bwana, tulipoketi sote watatu, nilimwuliza mtungi wa maji unauzwa shilingi ngapi. Hakujua. Kila usiku alinung'unika kwamba chakula kimechelewa, wala hakuwahi kuuliza mkewe alisimama kwenye foleni ya maji kwa muda gani. (Wameniruhusu niyaeleze haya bila kuwataja.)

Katika sura ya 8 ya Injili ya Marko kuna kipofu wa Bethsaida aliyewekewa mikono mara mbili. Baada ya mara ya kwanza alianza kuona, ila watu walionekana kwake kama miti inayotembea. Ndugu zangu, wengi wetu katika ndoa tumekomea hapo. Mke anamwona mume kama mti wa kuangusha pesa, na mume anamwona mke kama mti wa kivuli na chakula. Macho yapo, lakini mtu haonekani. Inatubidi kumwomba Bwana atuguse mara ya pili, na hiyo ni neema ya sakramenti yetu, si ujanja wa mtu.

Tazama pia kwamba Yesu alimshika mkono kipofu yule akamtoa nje ya kijiji kwanza. Sisi tunaoishi katika nyumba za mabati tunalielewa hilo. Ukinong'ona, jirani anasikia, na kesho maneno yako yako kisimani. Ndiyo maana nawashauri wenye ndoa wasijaribu kufunguliana moyo chumbani huku kuta zina masikio. Mkitoka Misa, wapelekeni watoto kwa shangazi, mtembee ninyi wawili polepole.

Mwaka 2021, mwezi wa Oktoba na Novemba, nyumba nyingi za hapa kwetu zilibomolewa kupisha barabara ya Catherine Ndereba. Watu walilala nje penye baridi na mvua. Wakati ule huruma haikuhitaji mwalimu, kwa sababu kidonda kilikuwa wazi na kila mtu alikiona. Ugumu unakuja nyumba inaposimama tena na mlango kufungwa, kidonda kikabaki ndani ya kiatu. Yule mjane wa Naini, katika Luka sura ya 7, hakumwomba Yesu kitu chochote. Yesu alimwona kwanza, moyo wake ukaguswa, ndipo akaligusa jeneza. Huruma ilianzia machoni.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko aliligusa jambo hili katika wosia wake wa mwaka 2016, Furaha ya Upendo, namba 128. Anasema kwamba majeraha mengi ya ndoa huanza watu wanapoacha kutazamana, na anataja malalamiko ya wake ambao waume zao hawawaangalii, kana kwamba hawapo. Nami nimeyasikia malalamiko hayo kwa Kiswahili, kwa Kikamba na kwa Kiluo.

Lakini nisieleweke vibaya. Kuona kwa huruma si kufumba macho. Mama anayepigwa asiambiwe amwonee mumewe huruma na kunyamaza. Msamaria aliona damu, akaifunga, akampeleka majeruhi mahali salama. Mwenye kupigwa na atoke, aende hospitali, aripoti polisi, amwambie padre. Kumhurumia mkosaji hakumzuii mtu kuokoa maisha yake.

Kwa wengine wote, juma hili mkipata nafasi ya kutembea, mwulizane kwa zamu: Jana mchana ulikula nini? Ni nani alikusema vibaya kazini au kwenye foleni? Ni jambo gani umekuwa ukinificha kwa sababu ya haya? Kabla mwenzako hajajibu, kila mmoja ajaribu kwanza kusema anachodhani jibu litakuwa. Ukikosea, usijitetee. Nyamaza, umwache aendelee.